Chumvi ya Kinywa cha Tutafika

Mwezi uliopita niling'olewa jino. Gego la chini, kushoto, lile la mwisho kabisa. Daktari alilivuta jasho likimtoka, mimi sikutoa hata mguno, na yeye mwenyewe akasema hajaona mzee mkavu kama mimi. Nilipoinuka kwenye kiti, nesi, binti ambaye ningeweza kumzaa mimi, akaniambia, "Mzee wangu, ukifika nyumbani usukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Mara tatu kwa siku." Nikacheka na pamba yangu mdomoni. Mimi nifundishwe habari ya maji ya chumvi na ufizi!

Nyumbani mke wangu akaniletea hayo maji kwenye kikombe. Nikatia funda moja. Ile ladha ilipogusa ufizi, nikayatema chini na kukaa kwenye ngazi ya baraza.

"Yanaunguza?" akauliza.

"Hapana."

"Sasa mbona umekaa hivyo?"

Mtu wa umri wangu, mwenye mashine mbili za kukoboa mpunga hapa Bariadi na lori la kubeba pamba, tena vyote bila kushikwa mkono na mtu, atamwambiaje mkewe kwamba ameona mbwa aliyekufa zamani za vijiji vya ujamaa? Nikamwambia jino linauma. Kwa hiyo haya ninayoyaandika, hata yeye atayasoma kama ninyi.

Wa rika langu mnakumbuka tulivyohamishwa. Sisi tulitolewa kwenye mji wetu wa zamani, upande wa Shishiyu, tukapakiwa kwenye lori pamoja na kuku, vinu na milango ya nyumba. Mayu, yaani mama yangu, alikuwa na kikapu mapajani na ndani ya kikapu mtoto wa mbwa, mwekundu kama udongo wa kichuguu. Kila lori lilipokita kwenye korongo mayu aliuliza, "Baba Maduhu, tutafika kweli?" Baba akajibu, "Tutafika." Aliulizwa mara nyingi, akajibu mara nyingi, mpaka tunashushwa huko tulikopelekwa yule mbwa alikuwa ameshapata jina. Kijiji chenyewe sikitaji. Watoto wa watu ninaowasema wapo, wengine wananiletea mpunga wao niukoboe.

Baba alikuwa mwindaji wa nungunungu. Kwetu Usukumani hao wana chama chao, wana ngoma yao na masharti yao, na si kazi ya kila mwanamume. Nungunungu anakula viazi na karanga usiku, mchana amelala shimoni. Shimo lake lina milango miwili. Mwindaji anaingia kwa mlango mmoja akitambaa kwa tumbo, mkuki mfupi mbele yake, na nungunungu akimsikia anamgeuzia mgongo wenye miiba. Hapo ndipo penye kifo. Mnyama huyo akiamua kurudi kinyumenyume kwa nguvu, ile miiba yote inakuingia usoni, na humo ndani huwezi kugeuka wala kuinua mkono. Sasa baba alikuwa amemfundisha Tutafika kuingia kwa mlango wa pili, akamdaka nungunungu pua na kumng'ang'ania. Mbwa anavuta huku, mnyama hawezi kurudi nyuma, baba anachoma. Kwa hiyo uhai wa baba ulikuwa umeshikwa na meno ya mbwa.

Hayo nawaeleza leo nikiwa mtu mzima. Wakati ule sikuyajua, maana watoto tulikuwa haturuhusiwi kusogelea shimo. Mimi nilichokijua ni yale niliyoyaona uani kwetu.

Kila jioni kabla ya chakula baba alivuta kigoda, akakaa, akapiga paja lake mara moja. Tutafika alikuja mwenyewe na kuweka kichwa katikati ya magoti yake. Kazi yangu ilikuwa kushika bakuli la maji ya vuguvugu. Baba alishusha kutoka darini kibuyu kidogo cha chumvi, akanyunyiza kidogo majini na kukoroga kwa kidole. Halafu akainua mdomo wa mbwa kwa dole gumba, taratibu, kama mtu anayefunua kitambaa kilichofunika chakula cha mgeni.

"Ona, Maduhu. Ufizi uwe kama ulimi wa ndama anayenyonya. Ukibonyeza unapauka, ukiachia damu inarudi. Ukiona mstari mwekundu hapa jino linapotokea, ujue pameanza kuoza. Na ukisikia harufu ya yai viza, ujue umechelewa."

Kisha alitafuna kijiti cha mswaki mpaka ncha ikawa brashi, akasugua pale jino na ufizi vinapokutana, kwa miduara midogo midogo, bila haraka. Alianza na chonge akaenda nyuma kwenye magego, ambako ukoga wa njano unapenda kujificha. Mwisho alijifunga kidoleni kipande cha khanga kuukuu cha mayu, akakichovya kwenye bakuli, akafuta fizi zote na kutafuta kwa ncha ya kidole kama kuna mwiba uliobaki ndani. Mifupa ya kuchemshwa alimkataza kabisa, anasema inapasuka kama chupa. Tutafika alifumba macho. Mbwa yule, nakwambia, alikuwa na meno meupe kuliko mtu yeyote kijijini, mwalimu mkuu na redio yake akiwemo.

Wenzangu walinicheka. Nikipita kisimani nilisikia, "Huyo, huyo! Nesi wa mbwa! Leo mgonjwa amesukutua?" Nilipigana na watatu, nikawashinda wawili.

Sasa sikilizeni nilivyokuwa naona mimi. Mkono wa baba ulikuwa mgumu kama gome, na mimi haukunigusa usoni hata siku moja. Jino langu lilitoboka, nikalia usiku kucha. Asubuhi nikamwendea nimeachama. Akachungulia kwa mbali, akasema, "Hilo ni la maziwa. Litatoka lenyewe, utaota jingine." Akaenda zake kumtazama mbwa. Nikabaki pale mdomo wazi. Nilielewa kitu kimoja tu, kwamba meno yangu hayana thamani na ya mbwa yanayo.

Ndipo chumvi ikaadimika. Mnakumbuka duka la kijiji, rafu tupu, na siku chumvi ikija inagawiwa kwa kikombe cha chai, kaya moja kikombe kimoja, foleni mpaka kwenye uwanja wa mikutano. Mayu alipika nsansa, yale majani makavu ya kunde, bila chumvi. Tukala matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, na mboga isiyo na ladha, kama tunatafuna mkeka. Na kila jioni kile kibuyu kidogo kikashushwa kutoka darini, kwa ajili ya mbwa.

Siku moja mayu akashindwa kuvumilia. "Baba Maduhu, watoto wanakula majani kama mbuzi, na mbwa anasukutuliwa kwa chumvi?"

Baba hakuinua macho. "Huyu ndiye kinywa cha nyumba hii."

"Kinywa cha nyumba! Na hivi vyetu ni nini, matundu ya panya?"

Baba akacheka kidogo, akaendelea kusugua. Mayu akaingia jikoni. Mimi nilishika bakuli nikalitazama lile jicho la mbwa lililofumbwa kwa raha, na nikamchukia. Kwa akili yangu ya utoto, anayepewa chumvi ndiye anayependwa. Ilikuwa hesabu rahisi, na kwa hesabu mimi sijawahi kushindwa na mtu.

Kijiji kikaanza kuchimba lambo la kunyweshea ng'ombe. Baba akapangiwa zamu, akawa anarudi jua limezama, mikono imepasuka. Jioni ya kwanza aliniita, akanipa kile kibuyu mkononi.

"Kuanzia leo kinywa cha Tutafika ni chako. Usiruke hata siku moja. Ukiona kitu, chochote, niambie."

"Ndiyo, baba."

Leo najua kwamba mwindaji hampi mtu kinywa cha mbwa wake. Hata mkewe hampi. Siku ile nilihisi nimefanywa mtumwa wa mbwa.

Mara ya kwanza nililamba punje tatu. Niliziweka juu ya ulimi nikafunga mdomo, nikaacha ziyeyuke zenyewe, na mate yakanijaa mpaka masikio yakatekenyeka. Siku ya pili nilichovya kidole. Wiki haijaisha nikawa namimina kiganjani, najificha nyuma ya ghala na kulamba kama ndama. Bakuli la mbwa nilitia maji matupu. Na kwa kuwa nilishaona maji matupu ni kazi bure, nikaacha kusugua pia. Nilimfunua mdomo upesi, nikamfunga, nikamsukuma aende. Yeye alikaa palepale akinitazama, anangoja kijiti.

"Umekagua?" baba aliuliza akinawa.

"Nimekagua, baba."

"Na nyuma?"

"Na nyuma."

Basi akaamini, akala, akalala.

Baada ya muda nilianza kuona. Kwanza ule mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, chini ya chonge la kulia. Halafu Tutafika akawa anatafuna upande mmoja, na mate yake yana damu. Siku moja nikamfunua kwa hofu, nikaona kidoa cheusi ndani ya ufizi uliovimba, kidogo kama ncha ya penseli. Kilikuwa kipande cha mwiba, cha windo la mwisho kabla ya lambo. Kilikuwa kimezama, na kidole cha baba kingekipata jioni ya kwanza kilipojitokeza. Nikanusa. Yai viza.

Ninyi mtasema ningemwambia baba. Niseme vipi? Baba angeomba kibuyu amsafishe, na kibuyu kilikuwa kimebaki robo. Nikatoka na kunawa mikono.

Nungunungu wakaingia shamba la kijiji, shamba la viazi, wakafukua matuta kama wamelipwa. Mwenyekiti akawaita wawindaji. Asubuhi hiyo kijiji kizima kilifuata mpaka kwenye mteremko wa mawe, na watoto tukasimamishwa mbali, kwenye mti wa mgunga. Mkubwa wa wawindaji, mzee mmoja anaitwa Lugata, mrefu, mwenye sauti ya kufukuza ndege, akafukiza dawa zake kwenye milango yote miwili. Baba akavua shati. Alipokuwa anapiga magoti akageuka, akanitafuta kwa macho katikati ya watoto.

"Maduhu! Kinywa kikoje?"

Watu wote wakageuka. Wale walioniita nesi wa mbwa walikuwepo. Kwa mara ya kwanza niliulizwa jambo la wanaume mbele ya wanaume.

"Kiko safi, baba!"

Hakumwita mbwa amtazame. Alitosheka na neno langu, akatambaa ndani mpaka nikaona nyayo zake tu, halafu nazo zikapotea. Lugata akamwachia Tutafika kwa mlango wa pili.

Tulisikia ardhi inanguruma. Tulisikia mbwa ameshika, ile sauti ya puani ya mbwa aliyeuma. Halafu Tutafika akalia mara moja, kilio cha juu, kama mtu aliyekanyaga moto. Na baada yake akalia baba.

Walimvuta kwa miguu. Miiba ilikuwa imesimama usoni kama mashina ya mtama baada ya mavuno, na mmoja ulikuwa ndani ya jicho la kulia. Mbwa alitoka upande wake akiyumba, mdomo wazi, chonge la kulia linaning'inia kwenye uzi wa nyama. Alikwenda moja kwa moja kwa baba na kuweka kichwa katikati ya magoti yake.

"Kaachia!" Lugata akafoka. "Mmeona wenyewe. Mbwa aliyeachia mara moja ataachia tena. Sheria yetu mnaijua. Leteni kamba."

"Ngoja," baba akasema. Walikuwa wanataka kuanza kumng'oa miiba, akaisukuma mikono yao. Kwa kupapasa, maana jicho moja lilikuwa damu na la pili limejaa machozi, akainua mdomo wa Tutafika kwa dole gumba. Akapitisha kidole kwenye ufizi. Kikasimama. Akainama akanusa. Alikaa hivyo muda mrefu, pua yake kwenye pua ya mbwa.

"Maduhu. Njoo."

Nikaenda.

"Kinywa cha mbwa huyu nilikupa wewe. Sema mbele ya hawa. Kilikuwaje?"

Nilimtazama Tutafika. Alikuwa anapiga mkia chini, taratibu, tap, tap, kama jioni za nyumbani. Neno moja lingemponya. Ningesema, "Kilioza, baba, nililamba chumvi," mbwa asingekuwa na kosa, sheria ya Lugata isingemgusa. Nilifungua mdomo.

"Kilikuwa safi, baba."

Baba akanigeuzia lile jicho moja. Akaushusha mdomo wa mbwa, akampapasa kati ya masikio.

"Basi," akawaambia wenzake. "Mtoto amesema. Mbwa ndiye aliyeachia."

Wakamtia kamba. Aliwafuata bila kuvuta, maana hakuwahi kufanyiwa ubaya na mtu. Walimpeleka nyuma ya mawe. Nilisikia rungu mara moja. Lugata kwa hilo alikuwa fundi.

Jicho la baba halikupona. Hakuwinda tena, hakufuga mbwa tena, na yale magunia ya michembe, vipande vya viazi vilivyokaushwa, tuliyokuwa tunapewa na watu kwa kulindiwa mashamba yakakoma. Mimi shule ilinitoka darasa la nne, nikaenda kubeba mizigo minadani, nikalala juu ya marobota ya pamba, nikanunua baiskeli, nikanunua mashine, na leo vijana wenye shahada wanabisha hodi kwangu kuomba kazi. Sidanganyi, nimejitengeneza mwenyewe. Lakini niwaambie kwa nini. Baba hakunichapa. Hakunikemea hata kwa jicho. Hakunipa tu kitu tena. Mbuzi akampa mdogo wangu awachunge. Mkuki akampa mtoto wa ndugu yake. Hakuniuliza tena "umekagua?" kwa jambo lolote duniani. Nilidhani ameliamini lile neno langu, na kwamba amenuna kwa kumpoteza mpenzi wake. Miaka mingi nilimwekea kinyongo kwa hilo, mimi!

Siku tulipomaliza matanga yake mayu aliniita kando. "Alijua," akaniambia. "Jioni ileile nilitaka kukushika nikuchape, maana kibuyu nilikiona. Akanizuia. Alisema, 'Wakijua wenzangu, mtoto huyu mpaka anakufa ataitwa aliyemtoboa baba yake jicho. Mwache. Bado ana meno ya maziwa.'"

Ningeomba anichape. Angenichapa nikalia, tukamaliza.

Leo nina mbwa wanne uani kwangu, na vinywa vyao simwachii mfanyakazi. Kila jioni navuta kiti na kupiga paja. Vijana wangu wa mashine wanacheka pembeni, wacha wacheke. Bwana mifugo alinikuta siku moja nakoroga chumvi, akaniambia, "Mzee, chumvi ya nini? Akimeza nyingi inamdhuru. Kitambaa na maji matupu vinatosha, mradi usugue na usiruke siku." Nilimwuliza mara mbili, akarudia mara mbili. Maji matupu. Kumbe ningeweza kuilamba chumvi yote ile, punje kwa punje, na Tutafika akaishi, na baba akawa na macho mawili. Ningesugua tu. Ningesema tu.

Jambo moja nimelipita makusudi, na ndilo lililonikalisha kwenye ngazi. Jioni ya siku ile ya windo baba alirudi kutoka zahanati, bendeji imemfunika nusu ya uso, kesho yake apelekwe hospitali. Akakaa kwenye kigoda chake uani. Mkono ukainuka upige paja, ukarudi. Akamwita mayu, akamwambia akishushe kile kibuyu.

"Iliyobaki mimina yote kwenye mboga. Haina kazi tena."

Mayu akamimina. Tukakaa kuzunguka bakuli. Ilikuwa nsansa ya karanga, ina chumvi mpaka inachoma, mboga niliyokuwa naiota usiku. Nikaikatia tonge, nikashindwa kulipeleka mdomoni. Baba akapapasa mpaka akapata ukingo wa bakuli, akalisukuma likasimama mbele yangu.

"Kula, mwanangu," akasema. "Si ulikuwa unaitaka?"

Nikala. Nilikula yote.